Unajua Mpaka Wapi?

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo, lakini kijana anayeshinda akichunga mbuzi au kubeba mizigo sokoni angevisikiliza saa ngapi? Kisha kalenda ikabanwa, mihula na likizo vikafupishwa, mwaka wa masomo wa 2022 ukaanza Aprili.

Nafundisha hisabati sekondari. Kufidia muda kuligeuka kukimbiza silabasi: alfajiri mada mpya, jioni mada mpya, Jumamosi vivyo hivyo. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akihangaika na milinganyo. Nikamwomba ajumlishe robo tatu na nusu. Akaandika 4/6, amejumlisha namba za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Na huyu si mvivu hata kidogo. Daftari lake lilikuwa safi, kila mfano wa ubaoni ameunakili. Sehemu zilimpita akiwa bado shule ya msingi, na haya zikamzuia kuuliza.

Tukakubaliana walimu wa somo hilo kwamba Jumamosi hakuna mada mpya. Tukatoa jaribio fupi lisilo na alama wala nafasi, tukawapanga wanafunzi kwa walipokwama bila kujali kidato. Mwanzoni walichekana, hasa wavulana wakubwa walioketi na wa kidato cha kwanza. Kazi ilipokolea, kicheko kikaisha. Yule msichana alikunja karatasi mara mbili, akaona nusu ni robo mbili, akafuta jibu lake bila kuambiwa na kuandika 5/4. Baada ya hapo milinganyo ilianza kumwingia.

Hayo yamenibadilisha hata nyumbani. Ukimuuliza mtoto kwa nini hajui, atajificha. Muulize anajua mpaka wapi, atakuonyesha mwenyewe.

Korona imepita, lakini shule bado hufungwa: mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha muhula wa pili. Wakuu wa shule, nawasihi, milango ikifunguliwa tena, tengeni wiki ya kwanza kujua kila mwanafunzi amefika wapi. Silabasi ianze wiki ya pili.