Kutembea kwa miguu katika mji mkubwa

Kwetu Kasenga, kando ya mto Luapula, mtoto hufundishwa mto mapema. Anaonyeshwa mahali pa kuteka maji na mahali pasipofaa. Anaambiwa kwamba mamba hajitangazi, na kwamba kiboko hampishi mtu njiani. Hakuna anayemcheka mtoto kwa kutojua mambo hayo. Anafundishwa tu, kwa maana wote wanajua kwamba mto unaweza kumwua. Lakini mtu akihama Kasenga kwenda kukaa Lubumbashi, nani atamfundisha barabara? Mara nyingi hakuna. Watu wa mji wanamcheka, wanamwita mtu wa pori, kisha wanamwacha peke yake mbele ya magari. Ndiyo sababu tunaandika maneno haya.

Sisi ni jamaa moja: baba, mama, watoto wanne, pamoja na nkambo wao, ndiye mama mzazi wa mama. Tulihama mwaka 2013, kwa sababu watoto wakubwa walitaka kuendelea na masomo na sisi wazazi tulitafuta kazi. Tulipata nyumba ya kupanga katika komini ya Katuba.

Lubumbashi ni mji mkubwa kweli. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, wakauita Elisabethville. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Leo wakaaji wake wanapita milioni mbili, na wengi wao hawana gari. Wanakwenda kwa miguu kazini, sokoni, masomoni, hospitalini, kanisani. Ukitaka kujua mji huu ni wa nani, simama njiani saa kumi na mbili ya asubuhi: utaona ni mji wa watu waendao kwa miguu. Hata hivyo barabara nyingi zimetengenezwa kana kwamba watu hao hawako. Hakuna njia yao pembeni, au ipo lakini imejaa meza za wauzaji, mifuko ya makala na magari yaliyosimama.

Mtu anayetoka kijijini haji mikono mitupu. Anakuja na desturi zake, na nyingi ni desturi njema. Taabu ni kwamba barabara ya mji haizijui. Nkambo wetu, majuma ya kwanza, akikutana na mtu wa Kasenga katikati ya barabara alisimama pale pale, akakunja magoti kidogo, akasalimu, akauliza habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa. Kijijini heshima ni hiyo, na mwenye baiskeli anayekuja nyuma atangoja. Huku malori yalikuwa yakimpita karibu na kitenge chake. Siku moja akatuuliza: «Yule ameniona, tena amepiga honi. Mbona hakupunguza mwendo?» Tukamweleza. Baada ya kufikiri kidogo akasema: «Basi, wanangu, huku honi si salamu.»

Neno hilo tumelishika mpaka leo. Kijijini lori likipiga honi, maana yake ni: nimekuona, nitapita polepole. Mjini maana yake ni: ondoka, mimi sisimami. Na mara nyingine shofere hapigi kitu kabisa, kwa sababu hakukuona. Kwa hiyo fundisho la kwanza la mji ni hili: usiseme moyoni, «Ataniona.» Ngoja umwone yeye usoni, na uone kwamba gari lake linasimama. Hapo ndipo uvuke.

Mwaka 2015 mtoto mmoja wa jirani zetu alikufa barabarani. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa amepanda taksibisi pamoja na dada yake, wakashuka karibu na nyumbani. Tunaeleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu jambo hilo linaweza kumpata mtu yeyote.

Katika Kongo magari yanakwenda upande wa kuume wa barabara. Lakini taksibisi nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na huko magari hushika upande wa kushoto. Kwa hiyo usukani wao uko kuume, na mlango wa abiria uko kushoto. Gari kama hilo likisimama kwetu ukingoni, mlango haufunguki penye majani na nyumba. Unafunguka katikati ya barabara. Mtoto yule alishuka, mpokea nauli akapiga bati ili gari liondoke, na motokari iliyokuwa ikipita taksibisi ile ikamgonga kabla hajapiga hatua ya pili. Hakuwa akicheza. Hakuwa na ukaidi. Alishuka tu, kama tunavyoshuka sisi sote kila siku.

Tulilia pamoja na wazazi wake, tukakaa matangani. Usiku ule wazee wa avenyu yetu waliulizana: je, tutazika tu, ama tutafundishana? Yale waliyopatana ndiyo tunayowapa ninyi, ndugu wasomaji, hasa ninyi ambao mmefika mjini juzi, au mnaofunga mizigo kuja.

Kwanza, ukishuka katika taksibisi yenye mlango wa kushoto, chungulia nyuma kabla ya kuweka mguu chini. Mtu mzima ashuke mbele ya mtoto, amshike mkono, na wabaki wameegemea gari mpaka njia iwe wazi. Kisha wazunguke nyuma ya gari, wafike ukingoni. Wala usivuke mbele ya taksibisi iliyosimama. Wewe huwaoni wanaoipita, nao hawakuoni wewe. Kwetu hakuna mtu anayetumbukiza mguu katika maji yenye matete asipoona chini. Kati ya magari mawili yaliyosimama ni vile vile.

Pili, ukitaka kuvuka, tazama kushoto kwanza, kisha kuume, kisha kushoto tena. Katika nchi yetu gari la kwanza kukufikia litatoka kushoto. Sisi watu wa Luapula tujiangalie zaidi, kwa sababu tuna ndugu ng'ambo, katika Zambia, na huko magari yanashika upande wa kushoto. Aliyezoea huko hutazama kuume kwanza, na akirudi huku shingo yake haijabadilika. Fikirieni pia malori yanayopita mpakani Kasumbalesa kubeba shaba na kobalti. Mengi yametoka nchi za kusini na za mashariki, ambako watu huendesha kushoto, na shofere wake amekaa upande wa kuume, karibu na majani. Vitu vingine vya upande wa pili havioni vizuri. Tena pikipiki hazina upande: zinapita kushoto, kuume, hata kinyume cha njia. Tazama pande zote, hata kama unajua magari yanatoka upande mmoja tu.

Tatu, pasipo na njia ya waendao kwa miguu, tembea upande wa kushoto wa barabara. Hapo magari ya karibu nawe yatakuja mbele ya uso wako, utayaona, utaweza kuruka pembeni. Mkiwa wengi, nendeni mstari mmoja. Mwenye kubeba karai kichwani asigeuze shingo peke yake, bali mwili wote.

Nne, jihadhari na giza na mvua. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja ya jioni, na mara nyingi umeme hakuna. Mtu aliyevaa nguo nyeusi haonekani mpaka gari limemfikia. Jifunge kitambaa cheupe, ama shika tochi na kuielekeza chini mbele yako. Tangu Novemba mpaka Machi mvua inanyesha, barabara inateleza, na gari linachukua nafasi ndefu zaidi kabla ya kusimama. Ndio wakati watu wanapokimbia wamefunika kichwa kwa mfuko, wala hawaoni mbele.

Tano, simu ikae mfukoni. Aliyeziba masikio kwa muziki hasikii honi wala breki. Mwenye kuzungumza na mtu wa Likasi amesahau kwamba miguu yake iko Lubumbashi.

Wengine watasema: «Maneno haya yote ni mzigo kwa mwenye miguu tu. Na mwenye gari je?» Wanasema kweli. Tuhesabu pamoja. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa linakwenda karibu meta 17 kwa sekunde moja. Shofere anapoona hatari, sekunde moja hupita kabla gari halijaanza kushikwa na breki. Hata barabara ikiwa kavu, litasimama baada ya meta 35 na zaidi. Likienda kilometa 30 kwa saa, litasimama baada ya meta 13 hivi. Basi mtoto akitokea umbali wa meta 20, gari la pole litasimama kabla ya kumfikia, na gari la mbio litamgonga likiwa karibu na mwendo wake wote. Mtoto ni yule yule, barabara ni ile ile, hata breki ni zile zile. Kilichozidi ni mwendo tu. Wahenga walisema «kawia ufike», na walisema kabla ya motokari kuonekana katika nchi hii.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika dunia yote. Katika kila watano waliokufa, zaidi ya mmoja alikuwa akienda kwa miguu. Tena kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachoua wengi kuliko ajali hizo, hata ugonjwa mmoja. Kwa malaria tunatafuta chandarua. Kwa kipindupindu tunachemsha maji. Kwa barabara tunasema, «Ni bahati mbaya.» Je, ni bahati mbaya kweli, jambo ambalo kila mtu anajua linavyokuja?

Serikali ina kazi yake: kuweka alama za kuvukia mbele ya shule na masoko, kutengeneza njia za pembeni, kuwashika wanaokimbiza magari. Mwaka 2013, Kinshasa, iliwekwa mitambo yenye umbo la mtu, yenye kuinua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani ili kuongoza magari. Iliyoitengeneza ni jamii ya wahandisi wa kike wa Kongo, pamoja na Mama Thérèse Izay. Mingine ilifika Lubumbashi pia. Watu wengi walishangaa kuona mashofere wanaobishana na polisi wakisimama mbele ya mtu wa chuma. Hiyo yatuonyesha kwamba shofere wetu anaweza kusimama vizuri akitaka. Kwa hiyo, wewe shofere unayesoma gazeti hili, usingoje mtambo. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndizi kichwani hawezi kurudi nyuma upesi. Punguza mwendo, mpe nafasi, naye atakuombea mema.

Lakini mpaka serikali na mashofere watimize kazi yao, sisi hatutakaa tukiangalia. Tangu msiba ule, katika avenyu yetu watoto hawaendi masomoni mmoja mmoja. Wanakutana saa kumi na mbili na nusu karibu na bomba la maji, wanashikana mikono, na mzazi mmoja anatangulia, mwingine anafuata nyuma. Tunapokezana kwa juma. Kwenye barabara kubwa aliyetangulia anainua mkono na kungoja magari ya pande zote mbili yasimame. Mara nyingine tunangoja sana, na watoto wanachelewa kidogo. Tulikwenda kumweleza mwalimu mkubwa, naye alikubali. Mtoto mdogo haoni juu ya gari lililosimama, wala hajui kupima kama gari linalokuja ni la mbio au la pole. Hiyo si ujinga wake. Ni kimo chake na umri wake. Macho yetu sisi wakubwa yawe macho yake.

Na mgeni mtu mzima naye ni hivyo. Kila mwezi watu wanafika kutoka Kasenga, Pweto, Mitwaba na kwingine. Wanalala kwa ndugu zao, wanapewa ugali na kitanda. Hayo ni mema. Lakini ukimpa mgeni chakula na kesho yake ukamtuma sokoni peke yake, hujamaliza kumkaribisha. Mchukue mkono siku ya kwanza. Mwonyeshe tunapovukia, na mahali ambapo hata sisi hatuvuki. Mwambie juu ya mlango wa taksibisi. Akikuuliza mara mbili, mjibu mara mbili. Usimcheke, hasa akiwa mzee, kwa maana mtu aliyechekwa haulizi tena.

Nkambo wetu sasa ni mzee sana, lakini bado anakwenda kuwaona wenzake. Akimwona mtu wa kwao ng'ambo ya barabara, haiti tena. Anangoja akiwa ukingoni, anavuka na wengine, kisha anasalimu kwa magoti yake yote na habari zake zote, mbali na magari. Heshima haikupungua hata kidogo. Wewe nawe, kesho asubuhi, ukimkuta mgeni amesimama ukingoni hajui la kufanya, usimpite. Simama naye, tazameni pamoja, na mvuke pamoja.