Sufuria la mbaazi nyuma ya mji wa Mikumi

Anayetoka Morogoro kwenda Mikumi hukatisha hifadhini kwa takriban kilomita 50. Tembo na pundamilia huonekana wakila majani kando ya lami, na matuta huyalazimisha hata mabasi yenye haraka kwenda taratibu. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964; mji uliopo upande wake wa pili umekulia barabarani, kwa malori ya Zambia na Kongo, kwa wauza chipsi na mishikaki. Msafiri akishuka pale, pua yake hukutana kwanza na moshi wa nyama. Safari yetu haikuwa ya nyama.

Tulikuwa watatu kutoka kamati ya msikiti, na ndani ya mkoba wetu mlikuwamo barua iliyokwisha kuchapwa, ikiwataka wazazi waje kuwachukua watoto wao wa bweni la madrasa. Sababu ni chakula. Michango ilipungua, nyama ya Ijumaa ikaondoka, tukageukia maharage kila siku. Na maharage yenyewe, tukiri, yalipikwa vibaya. Yaliliwa magumu, watoto wakaumwa matumbo, na mama mmoja akatuuliza mbele ya watu iwapo tunalea wanafunzi au tunawatesa. Tuliinamisha vichwa. Kabla barua haijatiwa saini, mjumbe mmoja akasema shangazi yake huko Mikumi huwapikia watoto wa madrasa vyakula vya jamii ya kunde mwaka mzima, na sahani hurudi tupu.

Bibi huyo tulimkuta uani, akipeta mbaazi. Baada ya salamu na kuulizana hali, alitukabidhi ungo wa pili. "Wanangu, chambueni huku mkisema."

Tukasema yote. Akauliza swali moja tu: mkaa wenu mnaupimaje? Hapo ndipo kosa letu lilipoonekana. Tulikuwa tumehesabu bei ya maharage sokoni, tukasahau kwamba maharage hununuliwa mara mbili, dukani na jikoni. Mpishi wetu alipewa mkaa kidogo, naye akaipua sufuria mapema kwa kutii bajeti tuliyoiandika sisi wenyewe.

Kwake yeye maharage hulowekwa baada ya Isha. Asubuhi maji yale humwagwa na kupikiwa mapya. Tumbo halijai gesi, na mkaa huokoka. Maharage mekundu huchemka kwa nguvu dakika kumi kamili ndipo moto upunguzwe, kwani yakipikwa kwa moto hafifu tu hubaki na sumu iumizayo tumbo. Nyanya na ndimu huingia mwisho, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome kulainika. Magadi hayataki kabisa. Ni kweli huivisha upesi, lakini huharibu vitamini B1, na mchuzi, kwa maneno yake, hunuka kufua.

Wiki yake haina sahani moja. Leo mbaazi za nazi, kesho kunde, siku nyingine makande, ambayo mahindi yake huikamilisha protini ya maharage. Choroko huziweka kwa siku ambazo mkaa unaelekea kwisha, maana huiva haraka. Chai ya rangi hairuhusiwi karibu na mlo. Huzuia mwili kupata madini ya chuma, ilhali ndimu husaidia. Sisi tuliokaa vyuoni miaka kadhaa tulikuwa tukiwapa watoto maharage na chai ya rangi kwa pamoja, tena kwa kujisifu kwamba wameshiba.

Kuhusu mbaazi alikuwa na neno zaidi. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za kuagizwa kutoka nje, na bei nchini kwetu ikaanguka vibaya. Wakulima walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. "Mwaka ule ndipo wengi walipojifunza kuzila," alisema, akacheka kidogo, si kwa furaha.

Karibu na Magharibi alipita kijana na mfuko mweusi, akanong'ona kwamba ana nyama ya bei nafuu. Bibi alitikisa kichwa bila kuinua macho. Mpakani mwa hifadhi kila mtu anaelewa: hujui mnyama gani, hujui nani kachinja wala kama kachinja, na mwenye kukutwa nayo hujibu mahakamani.

Tulikula mbaazi zake kwa wali baridi uliobaki mchana. Tui lilikuwa zito, pilipili imepasuliwa juu yake, na kila punje ilivunjika kwa ulimi. Mjumbe wetu mkubwa kuliko wote, ambaye hula maharage kwa manung'uniko, aliomba aongezewe.

Vipimo vyake tuliviandika nyuma ya ile barua, hatukuwa na karatasi nyingine. Jumamosi kamati ilipokutana, fedha ya gunia moja la mkaa ilitolewa katika fungu la samani za ofisi. Kilichojadiliwa muda mrefu ni nani miongoni mwa waumini ana sufuria kubwa lenye mfuniko unaobana.