Pikapu ya Mayatima

Ndugu yetu, Allah amrehemu, aliwaachia wanawe pikapu kuukuu aina ya Toyota Hilux, nayo ndiyo riziki yao: hubeba nazi, saruji na vyombo vya harusi. Injini yake ya 2L ilipokufa, baadhi ya jamaa walishauri gari liuzwe. Sisi wasimamizi tuliona bei ya gari lisilowaka haitawafikisha watoto mbali.

Tulichagua injini ya 5L iliyotumika. Ni ya ukoo uleule wa dizeli. 2L ina sentimita za ujazo 2,446, hii ina 2,986, na gia boksi ya zamani huipokea. Zipo mpya zaidi, za kompyuta, lakini hizo hutaka nyaya na fundi wake maalumu, na akiba ya mayatima si ya kujaribia.

Muuzaji aliapa kuwa ni nzima. Tulimshukuru, kisha tukaomba iwashwe mbele ya fundi wetu, ingali baridi. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akatazama kama moshi unasukuma.

Mama watoto, mwenye kushika fedha, ndiye aliyeuliza: klachi je, au gia boksi ishushwe tena baada ya miezi sita? Aliuliza la maana. Klachi ikabadilishwa siku hiyohiyo, pamoja na mkanda wa taimingi.

Imebaki namba ya injini. Kitabu cha gari kina ile ya zamani, na NTSA hutaka mabadiliko yaandikishwe. Jamaa mmoja aliuita usumbufu. Jumatatu tutakwenda, na risiti mkononi.