Nilivyoinyoosha Bendi ya Mzee

Kosa langu lilitokana na uvivu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisingizia ujinga, maana mjinga huhurumiwa.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Morogoro aliniletea kaseti. Ujanani alipiga tumba kwenye bendi ya dansi, na wimbo uliokuwemo ni wa zama zile bendi nzima ilipokuwa ikisimama chumba kimoja na maikrofoni chache, mmoja akikosea mnarudia wote. Besi ilikuwa imefifia, umebaki mvumo. "Mwanangu, nirudishie besi tu," alisema. Hilo "tu" nililisikia vizuri.

Chumbani nina laptop, gitaa la besi na programu ya kurekodi ya Reaper. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa chini na kuufuata wimbo kwa besi dakika zake zote tano. Mimi nikataka kupiga mzunguko mmoja wa mapigo 16, kisha niunakili na kuubandika hadi mwisho. Kwa njia hiyo lazima bendi iende sawasawa na metronomu, na bendi ile haikuwahi kurekodi na metronomu.

Nikaiuliza kompyuta mwendo wa wimbo. Ikajibu: mapigo 208 kwa dakika. Ilikuwa imehesabu manyanga, yanayolia mara mbili kila mguu unapogonga mara moja. Nikagawa kwa mbili, nikapata 104, nikajiona fundi. Ubeti wa kwanza ukakaa. Kufika wa pili, metronomu imeachwa. Bendi ikipanda kutoka 104 hadi 105 tu, kila dakika inaizidi metronomu kwa pigo moja zima, na nusu dakika inatosha metronomu igonge katikati ya mapigo mawili, pale panapokera kuliko pote. Tofauti ya 104 na 105 hata anayecheza haisikii. Kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, gitaa la solo limepamba moto, walikuwa wamefika 118.

Hapo ningeacha. Badala yake niliukata wimbo pigo kwa pigo, vipande zaidi ya 500, nikavivuta kimoja kimoja vikae kwenye mistari ya 104. Usiku tatu. Na kwa kuwa kila kitu kilirekodiwa pamoja, ukivuta tumba umevuta na mwimbaji. Gitaa likawa linalia kama limezamishwa kwenye ndoo. Chemko halikuchemka tena. Nikabandika besi yangu, nikamwita mzee.

Alisikiliza akitazama sakafu. Halafu akauliza, "Huyu mpiga tumba mmemtoa wapi?"

"Ni wewe, mzee."

"Hapana. Mimi sipigi hivi."

Nikamwambia kaseti imezeeka, na redio yake inakwenda mbio. Uongo uliovikwa ukweli ndio mbaya. Ni kweli redio ikizungusha kaseti kwa asilimia 2 zaidi, wimbo wa 100 utasomeka 102, na sauti itapanda karibu theluthi ya nusu toni. Lakini kasoro hiyo ingeubeba wimbo wote kwa kiwango kilekile. Redio haijui chemko linaanzia wapi. Nilijua hivyo nikiwa nasema. Mzee akanishukuru, akaniachia shilingi 20,000, nami nikazipokea. Mwanawe nilimwambia neno baya zaidi: kwamba wazee hawakujua kushika mwendo.

Miezi kadhaa baadaye nilifungua nakala ya kwanza, ile ambayo haijakatwa. Safari hii sauti sikuigusa. Nilisikiliza, nikaweka alama kwenye pigo la kwanza la kila manne, na metronomu ndiyo niliyoiamuru ifuate. Alama zilipokamilika, mstari wa mwendo ukajichora kwenye kioo, na nilichokiona kilinichoma. Wazee hawakuwa wakitangatanga. Kila wakiingia kiitikio walipanda kidogo, na kila tarumbeta zikimaliza walishuka, mahali palepale, ubeti baada ya ubeti. Kabla ya chemko, gitaa likiwa bado halijabadilika, tumba lilikuwa limeshaanza kuvuta mizunguko miwili nyuma. Aliyekuwa akiwapandisha wenzake ni yeye, niliyemwambia redio yake inakwenda mbio.

Nikapiga besi mwanzo hadi mwisho. Nilikosea mara mbili, nikarudia. Jioni moja, kazi ikaisha.

Nilimpelekea mwenyewe nyumbani. Hakuuliza mpiga tumba ni nani; vidole vyake vilikuwa vinagonga mkono wa kiti, na chemko lilipokaribia vilitangulia. Akaniambia nirudishe nyuma kidogo, asikie tena pale. Zile 20,000 sikuzitaja.

Ile nakala niliyoinyoosha mwanawe alishaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mwaka jana ilipigwa kwenye harusi ya mjukuu. Nilikuwepo. Watu walicheza, na mwanawe akanisogelea kunipongeza kwa kuwanyoosha wazee. Nikasema asante. Bado sijamwambia.