Msiba Usio na Turubai

Filamu ya Kivu Ruhorahoza, Father's Day, iliyooneshwa Berlin mwaka 2022, inasimulia nyumba tatu za Kigali. Zaninka, mama wa masaji, amefiwa na mwanawe kwa ajali, na ndoa yake imepoa. Mukobwa anatakiwa kumtolea baba yake mgonjwa kiungo cha mwili wake, ingawa yeye mwenyewe hampendi baba huyo. Kibaka mmoja anamfunza mwanawe ubabe wa mtaani.

Nilitoka na kinyongo. Hadithi hizo zinapishana kama wapangaji kwenye ngazi. Nilingoja zishikamane, sikuambulia hata chozi. Rwanda, nchi iliyozika watu wengi kiasi kile katika mauaji ya kimbari, nikasema, inastahili kulizwa vizuri zaidi.

Lakini kazi ya Zaninka hainitoki akilini. Masaji ni kazi ya kugusa, na hadithi yake ni ya wakati wa korona, kugusana kulipokatazwa. Biashara ikadorora. Mikono iliyozoea kulegeza migongo ya wageni kwa malipo ikarudi kushinda nyumbani, na nyumbani hakuna anayeihitaji.

Hapa Kacyiru, mtaa wa Kigali, kati ya wizara, ubalozi na maghorofa ya kupanga, tunajua jirani kafiwa tukiona turubai linafungwa na viti vya plastiki vinashushwa kwenye pikapu. Kwenye kundi la WhatsApp zinamiminika "poleni sana", mchango unatumwa kwa simu, kwa MoMo, kabla ya magharibi, na anayejua jina la marehemu ni mlinzi wa getini. Hata hivyo msiba huo una viti vyake, una siku yake ya kuanua tanga. Taifa nalo lina tarehe yake, 7 Aprili, na siku 100 za kukumbuka waliouawa katika mauaji hayo ya kimbari. Aliyempoteza mume ambaye bado anakula naye meza moja, yeye apewe pole na nani, na lini?

Ruhorahoza aliuona ubaridi wetu sawasawa. Kosa lake ni kumwacha mtazamaji naye apigwe na ubaridi huo. Jambo lililobaki kwangu ni la Mukobwa: mapenzi yakihama nyumbani, deni la damu halihami. Daktari anaweza kutoa kiungo kwa binti akampa baba. Kumlazimisha binti huyo alie siku ya maziko, hilo haliko mikononi mwa daktari wala ukoo.