Mwanamke wa Machakos Aendaye Komoro Peke Yake

Bibi atokaye Machakos kwenda Komoro hufika uwanja wa ndege wa Embakasi kabla ya kuingia mjini Nairobi. Nduguze humsindikiza kwa hofu, maana nchi hiyo ya Ngazija, Nzuwani na Mwali haitembelewi na wageni wengi, naye hana mwenzi.

Lakini ashukapo Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, husikia lugha iliyo jamaa ya Kiswahili. Tena kwa desturi ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Hivyo mgeni aliyepokewa katika nyumba ya heshima huwa chini ya ulinzi wa mama mwenye nyumba. Yampasa avae nguo za kujisitiri, kwani wenyeji ni Waislamu. Amuage mama huyo kila atokapo, na arudi kabla ya giza.

Hatari kubwa zaidi iko baharini. Komoro ilijitawala mwaka 1975, lakini kisiwa cha Maore kilibaki chini ya Ufaransa. Tangu mwaka 1995, Ufaransa ilipoanza kuwadai Wakomoro viza, wengi wamekufa maji wakivuka kwa siri kutoka Nzuwani katika mashua ndogo, wakiwamo wanawake wenye mimba. Basi bibi atakaye kutoka kisiwa kimoja hadi kingine na apande ndege au meli yenye kibali, ijapokuwa mashua ni rahisi. Nauli iliyobaki mfukoni haiwarudishii watu wa Machakos ndugu yao aliyezama.