Neno "Gesi" Barazani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Ukweli wa methali hii niliuonja likizo iliyopita, nyumbani Kilifi, chifu aliponiomba niwe mkalimani katika baraza kuhusu kituo cha kupozea umeme. Mhandisi aliyeletwa alizungumza Kiingereza kitupu. Mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, niliipokea kazi hiyo kwa majivuno.

Mhandisi alieleza kuwa vituo ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, nyaya na swichi huwa wazi, zikishikiliwa na vihami vya kauri, na hewa iliyo baina yake ndiyo inayozuia umeme kuruka. Hewa ni bure, na fundi hukiona kila kifaa kwa macho. Hata hivyo, kadiri msongo wa umeme unavyopanda, ndivyo hewa inavyodai nafasi zaidi, hata uwanja ukameza ekari kadhaa. Isitoshe, vifaa vilivyo wazi husumbuliwa na vumbi, chumvi ya bahari, ndege na wanyama. Msomaji atakumbuka kuwa mnamo Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani.

Katika aina ya pili, swichi na nyaya hufungiwa ndani ya mabomba ya chuma yaliyojazwa gesi iitwayo salfa heksafloridi. Gesi hii huhami umeme takriban mara mbili na nusu kuliko hewa yenye shinikizo sawa. Kwa hiyo kituo cha aina hii huweza kuenea katika takriban sehemu moja ya kumi ya uwanja wa kile cha kwanza, ingawa vifaa vyake ni ghali zaidi.

Nakiri kwamba sikuwa mkalimani asiye na upande. Kituo cha hewa kingeifikia minazi ya nyanya yangu na kaburi la babu. Cha gesi kingeishia mpakani.

Nilipotamka neno "gesi", minong'ono ilizagaa. Mzee mmoja akasimama: "Mwalimu, mtungi mmoja wa jikoni huteketeza nyumba. Sembuse kituo kizima?" Nikaharakisha kueleza kuwa gesi hii si ile ya kupikia, haiwaki, haina rangi wala harufu. Watu wakatulia. Nami, nilipoona mambo yananinyookea, nikanyamaza.

Kumbe mhandisi alikuwa ameongeza maneno ambayo niliyameza. Gesi hiyo ikivuja, kilo moja yake hulipasha joto anga, kwa kipindi cha miaka 100, takriban mara 24,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliitia katika orodha ya gesi zinazopaswa kudhibitiwa.

Nyanya, ambaye shamba ni lake, aliniita kwa upole: "Mjukuu wangu, mgeni amesema mengi, nawe umetupa machache. Yaliyobaki umeyaweka wapi?"

Uso ulinishuka. Nilisimama tena nikayasema yote. Mjadala ukawaka upya hadi alasiri: mvujo hugunduliwaje? Nani atakuja kukagua? Kifaa kikichakaa, gesi yake itapelekwa wapi? Hayo ni maswali ambayo hayangeulizwa kama ningeendelea kunyamaza. Uamuzi haujatolewa hadi leo, na kaburi la babu bado halijui hatima yake.

Wanafunzi wenzangu, kuhami ni kukinga. Tumezoea kulumbana kuhusu istilahi ipi ni sanifu zaidi. Ni mjadala wenye manufaa, kwani neno "gesi" pekee nusura livunje baraza. Lakini neno sanifu mdomoni mwa mkalimani mwenye maslahi huweza kuwakinga watu dhidi ya ukweli wanaostahili kuujua. Nyanya hakusomea tafsiri, ila alijua kuhesabu maneno.